Kwa Ashuza, Anayekwenda Kuonja Bia za Wajerumani

Ashuza mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na nyumba imenyamaza mapema. Nimekaa mezani mahali pako, kwa sababu mahali pangu mwanga haufiki vizuri. Kesho asubuhi utavuka Ruzizi, upande basi la Kigali, na jioni utakuwa kwenye ndege. Barua hii nitakupa mkononi. Sitaificha kati ya mashati yako kama wanavyofanya akina mama wengine, maana nakujua, ungekuja kuikuta Pasaka.

Mambo ya koti, dawa na pasipoti isiyopaswa kukaa mfuko wa nyuma, tonton, mjomba wako, ameyasema hadi tumeyajua kwa moyo. Mimi nataka kukuandikia juu ya bia. Cheka ukitaka. Watoto wa wengine wanaagwa kwa rozari, wewe unaagwa kwa bia, lakini ni wewe uliyechagua kwenda kujifunza kuipika kwa Wajerumani. Na sijui mama mwingine hapa Muhumba aliyewahi kulipwa mshahara kwa kuionja.

Kwanza niseme lile tunalolizunguka tangu Jumapili. Tulikuwa tumemaliza kula, ukasukuma sahani, ukaniambia: "Maman, mi sitaenda. Nitabakia. Nani atakuwa ananusa maziwa? Nani atasikia kama kintu iko naungua?" Nami nikakujibu vibaya, nikakuambia usinifanye mgonjwa. Ukaenda kusafisha viatu vyako ambavyo vilikuwa safi. Tangu siku ile hatujalizungumza tena. Tunaambiana habari za basi na za mvua, na sijui bado kama kesho utaondoka kweli.

Ulikuwa na haki ya kuuliza. Tangu ile homa iliyonilaza wakati mji mzima ulikuwa unakohoa, pua yangu haikurudi. Nimeishi kwa pua maisha yangu yote ya kazi, na leo siwezi kutofautisha sabuni na kitunguu. Kwenye kiwanda cha bia niliaga kwa kusema magoti yamechoka. Wewe tu ulijua. Ukawa unaingia jikoni, unafunika na kufunua masufuria kama bibi harusi mgeni: "Maman, maziwa imeharibika." "Maman, hii samaki usiikule." Na ile siku maharage yalipoungua, hadi pazia la dirisha likashika moto nami nimekaa chumba cha pili nasali, ni wewe uliyekuja mbio kutoka barabarani ukauzima. Ninakumbuka uso wako ulivyokuwa, na ninajua ndio huo uso uliosema Jumapili.

Jioni tulikuwa na mchezo wetu. Unafungua chupa, unanusa, unaniambia inanuka nini, nami nakuambia ina tatizo gani. Ukisema karatasi iliyolowa, nakuambia bia imezeeka, imekaa juani. Ukisema mahindi ya kuchemsha, nakuambia waliichemsha kwa haraka. Ukisema siagi, nakuambia hawakuiachia muda wa kupumzika. Ulidhani unamfurahisha mama yako. Kumbe ndivyo nilivyokufundisha kazi, na wewe ndiwe uliyeniwezesha kuendelea kuifanya.

Sasa nataka kukusimulia Bamberg, kwa sababu mpaka leo nimekusimulia sehemu za kuchekesha tu.

Kiwanda kilinipeleka mji huo wa Wajerumani kwa mafunzo ya miezi sita. Ulikuwa na miaka mitano, nikakuacha Katana kwa koko yako, mama yangu. Tulikuwa kundi la watu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, tukifundishwa kwa Kifaransa na mzee mmoja mwenye masharubu aliyekuwa ananusa kila kitu, hata kalamu zetu. Chumba cha kuonjea kiligawanywa kwa mbao, kila mtu na kijumba chake, kama kiti cha maungamo kanisani. Taa ni nyekundu ili rangi ya bia isikudanganye. Una maji, una kipande cha mkate mkavu, na huruhusiwi kumwangalia jirani. Nilipenda sana pale ndani. Palikuwa mahali pekee katika nchi ile ambapo hakuna aliyetarajia niongee.

Kuna zoezi utakalolikuta wiki za kwanza. Wanakuletea glasi tatu. Mbili zina bia moja, ya tatu ina nyingine, na unatakiwa kusema ipi iko tofauti. Niliipata kila mara, pua yangu wakati ule ilikuwa mali. Lakini chini ya ile ya tofauti nilikuwa naongeza neno: mbaya. Siku moja mzee akasimama nyuma yangu, akasoma, akaniuliza, "Madame, nani amekuuliza kama ni mbaya?" Nikamjibu kwamba hizi mbili nimezizoea. "Basi andika kwamba ile hujaizoea." Nilimnunia juma zima. Mtu gani anamsahihisha mwanamke mzima mbele ya watu kwa ajili ya neno moja?

Ninalirudia kwako kwa sababu huko utakuwa ile glasi ya tatu, darasani, kwenye tramu, hata kanisani. Watakuwepo watakaoandika "mbaya" bila kuulizwa. Hao siwaogopi sana, umekulia mji huu, umekutana na wabaya zaidi. Ninachoogopa ni wewe kuanza kuandika juu yao, maana mimi niliandika sana.

Wikiendi walikuwa wanatutembeza miji yao kuonja. Utaona mwenyewe, kule kila mji una bia yake na kila mji unaamini mingine imepotea njia. Köln wana bia nyepesi, ya rangi ya majani makavu, wanaileta katika glasi nyembamba isiyotosha kiu ya mtoto, na mhudumu anaendelea kuleta nyingine mpaka uifunike glasi kwa kile kikaratasi kigumu kinachokaa chini yake. Hawakuniambia. Nami ni mtoto wa Bushi, kinachowekwa mbele yangu kwa heshima sikirudishi, nikawa nakunywa na yeye analeta, hadi wenzangu wakanishika mikono kunipeleka kwenye treni. Düsseldorf ni hapo karibu tu, lakini bia yao ni ya rangi ya shaba, inauma zaidi ulimini, na ukiwatajia ile ya Köln wanakunja uso kama umewatukania mama. Niliwacheka mpaka nikawakumbuka watu wetu wa Kabare na wa Walungu wanavyobishania pombe ya ndizi, kasiksi ya nani ni kasiksi na ya nani ni maji ya ndizi. Leipzig walinipa bia chachu iliyotiwa chumvi na giligilani. Niliandika kwenye karatasi yangu: mpishi alikosea sufuria.

Na pale Bamberg penyewe ndipo penye bia ya moshi. Wanakausha kimea juu ya kuni, na bia inatoka na harufu ya nyama iliyotundikwa juu ya jiko. Funda la kwanza nililitema ndooni. Wenyeji wanakuambia usiseme lolote mpaka umalize glasi ya tatu, nami nikaona hiyo ni mbinu yao ya kuuza glasi tatu.

Halafu wakaleta bia ya ngano, ile ya mawingu, ya huko kusini kwao. Nikaiweka puani, nikasimama. Ilinuka ndizi. Na sisemi ndizi ya sokoni, nasema ndizi ya shimoni, ile iliyofukiwa na majani kungoja kukamuliwa, harufu inayokupiga koko yako anapofunua shimo. Nikamwambia mzee wa masharubu, mmetia ndizi humu. Akasema hamna ndizi hata moja, ni chachu tu inayofanya hivyo. Nikarudi kwenye kijumba changu, nikalia chini ya ile taa nyekundu nikiwa nimeishika glasi kwa mikono miwili. Ulikuwa Katana, na koko akikupa simu ulikuwa unakimbia. Jirani wa upande wa pili wa ubao alinisikia, nina hakika, lakini hakusema kitu. Tulikuwa tumekatazwa kuangaliana.

Nilipanga chumba kwa mwanamke aitwaye Hilde. Mjane, mwenye nywele fupi nyeupe, na Kifaransa cha shule alichokuwa anakitafuta neno kwa neno kama mtu anayetafuta sindano. Jioni ya kwanza alinichukua hadi bustani ya bia iliyo karibu na nyumba yake, penye mabenchi marefu chini ya miti, watu wamekaa bega kwa bega hata wasiojuana. Akaingia ndani, akarudi na makombe mawili ya udongo yaliyojaa. Akaweka moja mbele yangu. Akainua lake, akanitazama machoni, akasema neno lao la kutakiana heri, akanywa.

Sikunywa. Unajua kwa nini, mtoto wangu, lakini Hilde angejuaje? Kwetu bia ya chupa inafunguliwa mbele ya macho yako, na mhudumu akikuletea iliyofunguliwa unairudisha bila kugombana na mtu. Na kasiksi, anayekupa anaonja kwanza, funda moja, kisha anakupa kwa mikono miwili, ndipo unajua uko kwa watu wanaokutakia uzima. Hilde alikuwa ameimiminia ndani, nisikoona, na hakuna aliyeonja ya kwangu. Akili iliniambia mwanamke huyu hana sababu ya kuniua. Mkono ukakataa. Nikangoja aonje. Yeye akangoja ninywe. Povu likafa, nikasema tumbo linauma.

Akanialika tena na tena, nami kila mara nilikuwa na tumbo, au kichwa, au masomo. Mwishowe akaacha. Nikawa nakaa chumbani juu, dirisha wazi kwa sababu ya joto, nasikia vicheko vya bustanini na vishindo vya makombe mezani. Niliandika moyoni: watu wa nchi hii ni baridi, kila mtu na glasi yake, hakuna anayeonja ya mwenzake. Nikakaa hivyo miezi. Miezi, Ashuza. Nilijua kutofautisha bia za nchi nzima kwa kunusa tu, na sikuwa na mtu wa kunywa naye hata moja.

Karibu na mwisho Hilde akashikwa na mafua mabaya, siku mbili hakushuka jikoni. Nilimsikia akikohoa kupitia ukuta. Nikaenda kununua chupa ya bia ya moshi, maana ndiyo niliyomwona akinywa, na supu. Nikaifungua mbele yake, nikamimina, nikaonja funda moja kutoka kwenye glasi yake, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Sikufikiri. Mikono ilifanya kama ilivyolelewa. Akaiangalia glasi yake, pale mdomo wangu ulipopita, akaniangalia mimi, na nikaona nimefanya jambo la aibu. Nikaanza kueleza, kwa Kifaransa cha polepole: kwetu, anayetoa anaonja. Asipoonja, mgeni hanywi.

Akaishusha glasi magotini. Kisha akaniuliza: "Kwa hiyo ile jioni, ulikuwa unaningoja mimi?"

Nikasema ndiyo.

"Nami nilidhani hutaki kukaa na kikongwe."

Akanywa pale pale nilipoonjea. Alipopona tukashuka bustanini, akaniletea kombe langu, na mbele ya meza nzima ya Wajerumani akalionja kwanza, akanipa kwa mikono miwili. Wakamshangaa. Hakuwaeleza. Ilikuwa bia ya moshi, nikainywa hadi chini, nikanywa na ya pili, na ya tatu ikanijia tamu, harufu ya jikoni kwa mama yangu wakati wa mvua, nguo zote zinanuka moshi na hakuna anayejali. Wenyeji walikuwa wamesema kweli na sikuwapa nafasi.

Tulibakiwa na siku chache tu, kisha nikapanda ndege. Tuliandikiana miaka kadhaa, halafu barua yangu moja haikujibiwa, na nyingine. Ninamfikiria mara nyingi kuliko ninavyokuambia. Alikuwa na viti viwili jikoni kwake na alikula akiwa amesimama. Miezi yote ile nilikuwa juu ya kichwa chake nakunywa maji, wakati ningeweza kushuka ngazi nikamwambia jambo moja dogo nililokuwa nalingoja. Hilo linaniuma mpaka leo, hata ninapoandika.

Ungedhani baada ya pale nilijifunza. Sikujifunza. Unamjua Maman Furaha wa hapo ukutani, jirani yetu. Zamani alikuwa anatuletea sombe yake ya majani ya muhogo na visamaki vyake vya sambaza, na mimi nilikuwa wa kwanza kumsifu. Tangu pua ilipokufa, chakula chake na cha kwangu vikawa kitu kimoja mdomoni. Sikutaka kumdanganya, wala sikutaka ajue. Nikawa narudisha sahani imeoshwa vizuri, bila neno. Sahani zikapungua, zikaisha. Nikasema moyoni: watu wa siku hizi wamebadilika. Unaona mama yako alivyo mgumu wa kichwa? Hilde wangu mwingine alikuwa nyuma ya ukuta, nami nilikuwa namwandikia "mbaya".

Leo mchana, ulipokuwa umekwenda kubadilisha pesa, nilichukua jagi la maziwa nikamwendea. Alikuwa anachambua mchele uani. Alishangaa kuniona, akataka kuinuka kunitafutia kiti, nikamwambia akae.

"Maman Furaha, nisaidie kunusa hii maziwa."

"Niinuse? Juu ya nini?"

"Sisikie harufu. Tangu ile homa. Hata sombe yako nilikuwa nakulaka kama karatasi."

Akaweka ungo chini. "Eh, maman. Kumbe njo juu ya ile hausemake kitu? Miye nilikuwa nawaza unatudharau. Nilishaambia batoto basilete tena sahani kwako."

"Sikudharau. Nilikuwa na haya."

"Haya ya pua?" Akachukua jagi, akanusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani alikuwa anaficha macho. "Iko muzima. Lakini uikunywe leo, kesho haitakuwa."

Tukakaa pale hadi mchele ukaisha. Atapita asubuhi akienda sokoni na jioni akirudi. Harufu ya kuungua, anasema, itamfikia yeye kupitia ukutani kabla haijamfikia mtu mwingine, na ana watoto wanne wenye miguu ya kukimbia. Nimempa ufunguo wa pili. Kwa hiyo swali lako la Jumapili limepata jibu, na umelipata kutoka kwa mama yako aliyekuwa anatakiwa kulijibu tangu zamani, badala ya kukuachia wewe ubebe pua yangu peke yako.

Sitakudanganya kwamba sitakuwa mpweke. Nitakuwa. Mchana utapita, mchana una kazi zake. Jioni ndiyo itakayonishinda, saa uliyokuwa unakaa hapa nilipokaa sasa, unaniambia bia inanuka nini. Maman Furaha ni mtu wa maombi, bia haigusi hata kwa kijiti. Nitakuwa na jirani mwema na hakuna wa kunionjea. Baba yako alipofariki nilidhani nimeujua upweke wote, lakini wakati ule nilikuwa bado nasikia harufu ya shati lake, na wewe ulikuwa unapiga kelele chumba cha pili.

Ukifika, ukikaribishwa mezani na kitu kikakuzuia mkono, kiseme. Kama ni cha kuchekesha, watacheka, mtacheka wote. Usiende kukaa juu. Na kama kuna mtu mezani amekaa na glasi yake haipungui, mwulize anangoja nini, huenda hajui namna ya kulisema.

Nami niseme langu, nisikuache ukikisia kama nilivyomwacha Hilde. Nataka ubaki. Jumapili uliposema hutaenda, kabla sijakasirika nilifurahi, nilifurahi mwili mzima, na ndiyo sababu nikakufokea. Tangu siku ile sanduku lako liko wazi kitandani, nguo nusu ndani, nusu nje, na kila nikipita mlangoni naomba nikute zimerudi kabatini. Umelisikia sasa. Ni la kwangu, nitakaa nalo, na sitalisema tena kwa simu hata siku nikiwa na homa.

Nimeinuka kidogo, ndiyo maana mwandiko umebadilika. Nilikwenda chumbani kwako. Nimezikunja zile zilizokuwa nje, suruali mbili, sweta la koko, soksi, nimezipanga ndani, na nimelifunga sanduku.

Maman